Pale Anapokaa Baba

Foleni ya duka la vifaa vya ujenzi ilikuwa imefika mpaka barabarani, na kila aliyesimama ndani yake alikuwa amekunja uso. Mtaa mzima ulikuwa umepewa karatasi: nyumba zote zinazotazama barabara kuu zisafishwe kuta ndani ya siku kumi na nne, kwa sababu kuna wageni watapita na magari yao wakienda mkutanoni. Nyumba itakayokutwa chafu italetewa gari la manispaa lenye mashine ya kurusha maji kwa presha. Mtaa huohuo ulikuwa umeomba mtaro wa maji machafu kwa miaka kumi na moja, na hakuna mgeni aliyewahi kuletwa kuuona.

Katikati ya foleni alisimama fundi cherehani mmoja, amevaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Wateja wake walimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Mkononi alishika brashi ya waya.

"Dada, na brashi hiyo unakwenda kumchuna nani?"

Aligeuka. Nyuma yake alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya kijivu, iliyotolewa rangi na klorini hapa na pale kama mbawa za kanga. Alibeba dumu la sabuni.

"Ukuta wa baba," Sindano akamjibu. "Kwani kuta zimekuajiri uwe msemaji wao?"

"Wakili. Plasta ya zamani?"

"Aliipiga kwa mikono yake."

"Basi rudisha hiyo brashi. Ukuta kama huo unaogeshwa kama mtoto mchanga, hausuguliwi kama sufuria."

"Na wewe unaitwa nani, wakili?"

"Wananiita Taratibu."

"Kwa kazi au kwa uvivu?"

"Nikaribishe kwanza, halafu uchague."

Brashi ikarudi rafuni.

Alikuja kesho yake na bomba la mgongoni, lile la kunyunyizia dawa mashambani. Alianza ubavuni mwa nyumba. Kwanza alimwagia maua maji mengi, yashibe, dawa isiyaunguze. Akafunga soketi ya nje kwa nailoni. Akanyunyiza dawa kuanzia chini kwenda juu, isichore michirizi, kisha akaketi kwenye ndoo na kusubiri. Sindano alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Sasa unafanya nini?"

"Kazi."

"Mbona naona umekaa?"

"Dawa ndiyo inafanya. Dakika kumi ukungu unakufa wenyewe, halafu maji ya kawaida yanauondoa. Mwenye haraka ndiye anayetumia nguvu."

Sindano alimtazama mikono. Ilikuwa imekauka na kupasuka vidoleni, lakini ilishika mpini wa brashi laini kama inayoshika kitu kilicholala.

Siku ya tatu simu zilikuwa zimeanza.

"Sindano wangu, umekula?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu uliporudisha ile brashi."

"Kumbe ungeniacha niinunue, ningebaki salama."

Alicheka peke yake juu ya cherehani mpaka mteja akamuuliza anacheka na nani.

Lipo jambo ambalo Sindano hakumwambia, na hakumficha kwa makusudi. Baba yake alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita. Alifanya kazi kiwanda cha mafuta ya kupikia, na mafuta yalimwingia kwenye nywele, kwenye shati, kwenye ngozi. Wafanyakazi walipogoma, arobaini na mmoja walifukuzwa. Waliandika majina yao kwenye ukuta wa lango. Kiwanda kikapaka chokaa juu yake siku ileile, kabla hata wino haujakauka vizuri. Baba akarudi nyumbani, akaketi kwenye benchi mbele ya nyumba, akaegemeza kichwa ukutani na kuyataja majina yote arobaini na moja. Akafanya hivyo kila jioni mpaka alipokufa, maana hakuna pengine yalipobaki.

Pale kichwa chake kilipoegemea, ukutani palibaki alama nyeusi ya mviringo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Sindano aliiambia, "Shikamoo, baba." Haikumwitikia hata siku moja. Lakini jioni nyingine, akianua nguo, alisikia mnong'ono wa majina upande wa benchi, na alipojitokeza ukanyamaza. Kwa hiyo alisema "baba hapendi kelele", "baba anapenda chai nzito", kama mtu anayesema habari za mtu wa chumba cha pili.

Na nyuma ya nyumba alikuwepo mzee, akiwa na redio sikioni. Huyo alikuwa baba mdogo, ndugu wa marehemu, na Sindano alimwita baba, kama inavyopaswa. Taratibu alimwamkia kila alipofika, na hakuwa na sababu ya kuuliza ni baba yupi.

Siku ya kuosha mbele, Sindano alipiga simu kutoka kazini, pini mdomoni.

"Safisha kote, mpenzi, ila pale anapokaa baba usipaguse."

Taratibu alichungulia nyuma. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, ukuta nyuma yake kijani kwa ukungu.

"Nimeelewa, kipenzi," akasema. Kona ile ya nyuma akaiacha kama ilivyo.

Saa nane mchana Sindano aliingia getini na kusimama. Ukuta wa mbele ulikuwa mweupe, unameremeta kwa maji. Benchi lilikuwa limesogezwa kando. Juu ya mahali pake hapakuwa na kitu.

"Umempeleka wapi?"

"Nani?"

"Baba."

"Si yuko nyuma anasikiliza taarifa? Sijamgusa, hata ukutani kwake sija..."

"Yule ni baba mdogo." Sauti yake ilishuka. "Baba alikuwa hapo."

Taratibu alitazama ukuta, kisha benchi.

"Wewe mwenyewe ulisema anapokaa. Kila siku unasema baba hapendi kelele."

"Hapendi."

"Sindano, ningejua..."

"Kiwanda kilitumia chokaa, wewe umetumia sabuni. Niambie tofauti yenu."

Alivaa bomba lake mgongoni akaondoka, na maji yaliendelea kudondoka ukingoni mwa paa kwa muda mrefu baada yake.

Alipiga simu jioni ile, na kesho yake mara tatu. Haikupokelewa. Sindano alikaa kwenye benchi akiutazama ukuta, na kilichomtisha zaidi ni kwamba jioni zile hakusikia mnong'ono wowote. Alijaribu kuyataja majina mwenyewe. Alifika la ishirini na sita akakwama.

Siku ya kumi na nne gari la manispaa likafika. Nyumba ya jirani, muuguzi mstaafu, ilikutwa na ukungu. Waliielekezea bomba la presha, na plasta ikabanduka vipande vikubwa mpaka matofali yakaonekana. Muuguzi alisimama na kanga yake kichwani akitazama nyumba ikivuliwa nguo mbele ya watu. Mkaguzi akafika kwa Sindano, akaona ukuta mweupe, akaweka alama kwenye karatasi yake na kupita.

Simu ilipoita mchana huo, Sindano aliipokea.

"Usikate," Taratibu akasema. "Nina swali la kazi tu. Baba alifanya kazi gani?"

"Kiwanda cha mafuta. Miaka ishirini na miwili."

"Basi usipake rangi ukuta ule. Dawa yangu inaua kinachoota juu. Mafuta hayakuota, yaliingia. Ile mashine ingeondoka na plasta, ingemchukua mzima. Mimi sikuwa na nguvu za kumtoa."

"Unaniahidi atarudi?"

"Siahidi. Ukuta bado una maji. Acha upigwe jua."

Sindano alifuta pua kwa ncha ya futi.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Utarudi, au na wewe nikusubiri ukauke?"

Alirudi Jumapili saa tatu asubuhi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Sindano alikuwa getini, macho yamevimba, amevaa gauni la kijani ambalo hakuwahi kulivaa. Hakumsalimu. Alimshika mkono akampeleka mbele ya ukuta.

Ilianza kama umanjano hafifu, akamweleza, siku ya pili ya jua. Kisha kichwa. Na sasa, chini ya kichwa, mabega mawili. Mabega hayo Sindano hakuwahi kuyaona, maana miaka yote ukungu ulikuwa umeyafunika.

Taratibu aliyatazama mabega. Kisha akakunjua mikono ya shati, akaifunga vifungo, akauelekea ukuta.

"Shikamoo, baba. Naomba radhi, nilikuosha bila kupiga hodi." "Na nimekuja kumwomba binti yako, kama mwenyewe ananitaka."

"Marahaba," sauti ikaitika.

Sindano akacheka, mkono mdomoni. "Baba, acha utani wako. Toka huko dirishani."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Geti ndilo lililolia, na baba mdogo akaingia kutoka barabarani, mkate kwapani, redio haimo sikioni.

"Nani kaja?" akauliza. "Nimesikia mtu anaitikia salamu, nikajua kaka..." Akayaona mabega ukutani. Akautua mkate taratibu juu ya ndoo, akavua kofia.

Sindano ndiye aliyelirudisha benchi mahali pake, chini ya alama.

"Hujanijibu," Taratibu akamwambia kwa sauti ndogo.

"Nimevaa gauni jipya saa tatu asubuhi. Unataka jibu lipi jingine?"

Akaketi mwisho wa benchi. Taratibu naye akaja kuketi, karibu naye kabisa, bega kwa bega. Sindano akamsukuma kwa kiwiko.

"Sogea kule mwisho, mpenzi," akasema. "Hapo pana mwenyewe."