Ulimi wa Kampala

“Ng’ombe amevuka. Mtambue.”

Ujumbe wa mkubwa wake ulimfika Akwii saa tatu asubuhi kwenye Tecno yake yenye kioo kilichopasuka. Aliusoma mara mbili, akaufuta.

Ng’ombe ni lori. Limeingia Malaba kutoka Uganda na katoni mia sita za dawa bandia za malaria, za watoto. Chaki na sukari. Likishatoka mjini, dawa zitasambazwa kwa pikipiki mpaka vijijini, na hapo hakuna askari atakayezikusanya tena.

Malori kwenye foleni ya forodha yalizidi arobaini. Hakujua ni lipi.

Miaka mitatu Akwii, Mteso wa Amukura, alikuwa ameishi Kampala kama fundi wa nguo, akilipeleleza genge la dawa hizo. Alipanga chumba kimoja Bwaise. Akajifunza kupiga magoti akisalimia wakubwa, kula matoke bila kuulizia ugali, kugeuka akiitwa nnyabo, yaani bibi. Sasa genge lilijua kuna jasusi Mkenya aliyetoroka Kampala jana, na kwamba ni mwanamke. Sura yake hawakuijua.

Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake pekee.

Aliingia hoteli ndogo yenye dirisha la kutazama foleni. Bastola ya Ceska ilimbana mbavu chini ya leso ya manjano. Meza ya pili alikaa mwanamume wa koti la ngozi, akila mandazi polepole mno.

“Unatumia nini, mama?” aliuliza Trizah, mhudumu.

“Niletee African tea.”

Trizah alicheka mpaka akashika meza. “African tea! Kwani kwenu kuna ya Wazungu? Mama, hapa chai ni chai, maziwa iko ndani. Wewe umekaa sana Kampala!”

Mwanamume akaacha kutafuna.

Kampala ukitaka chai ya maziwa husema hivyo, la sivyo utaletewa ya rangi. Ulimi ulikuwa umezoea. Ulimi ukamuuza.

“Karibu nyumbani, dada,” mwanamume alisema kwa upole. “Kampala ulikaa wapi?”

“Sijafika. Bwana yangu ndiye hufanya kazi huko.”

“Na anakufundisha mpaka chai?”

“Anapenda kujifanya.”

Mwanamume alicheka, lakini macho hayakucheka. Akatoa simu, akapiga. “Ni yeye. Leso ya manjano. Kuja.”

Mlango wa nyuma ulikuwa hatua nne tu, na kila mfupa mwilini ulimwambia kimbia.

Lakini aliyepigiwa simu yuko wapi?

Akatazama dirishani. Malori, malori. Milango imefungwa.

Mmoja ukafunguka.

Scania nyeupe. Dereva akaruka chini, simu bado sikioni, macho kwenye hoteli.

Akwii aliandika chini ya meza, kidole kikikosea herufi: “Scania nyeupe. Turubai kijani. La saba toka geti.” Akawatumia makachero waliojificha karibu na geti.

Kitu kigumu kikamgusa ubavu.

“Simama,” mwanamume alinong’ona. “Tutoke kama mtu na shemeji yake.”

Akasimama. Trizah alikuwa anakuja na chai ikitoa mvuke. Akwii akapiga sinia kwa kiwiko.

Chai ilimkuta mwanamume usoni.

Yowe. Bastola yake ikaanguka sakafuni. Ceska ikatua nyuma ya sikio lake.

“Usipumue, shemeji.”

Nje, makachero wanne walikuwa wameshamlaza dereva kwenye vumbi.

Saa moja baadaye, mwanamume naye akiwa na pingu, simu iliita. Mzee Okwakol, mkubwa wake.

“Tumefungua. Zote chaki. Hakuna hata moja iliyotoka.”

“Asante, mzee.”

“Kampala usahau. Hutarudi.”

“Nimeacha maharagwe kwenye maji, mzee. Na jirani ana ufunguo wangu.”

“Atayapika.”

“Atangoja wiki nzima. Halafu atasema nimekufa.”

“Wacha aseme.”

Simu ikakatika. Akwii akajifunga leso upya, akatembea kuelekea relini, taratibu, kama mama aliyemaliza shughuli zake za soko.