Kiwanda cha Mabua

Kwaru, kwaru. Jogoo walikuwa bado hawajawika. Milembe alisikia kisu kikiparua bua la mtama. Mumewe, Joakim, alikuwa ameanza tena.

"Baba Salu, hulali?"

"Nyanda ananisubiri."

Joakim na Nyanda walifanya kazi pamoja katika kiwanda cha kuchambua pamba, huko Bariadi. Kisha wakaja wanunuzi binafsi, na kiwanda cha ushirika kikafungwa. Nyanda alirudi kwao Migato. Huko macho yake yakapofuka. Aliomba jambo moja tu: apelekwe akaiguse tena mashine yake.

"Tukimaliza kupalilia," Joakim alimwambia. Baadaye akasema, "Tukimaliza kuvuna."

Walipomaliza kuvuna, malori yalikuwa yameshabeba mabati na vyuma. Ulibaki msingi mtupu.

Joakim aliumia sana. Akaamua kumtengenezea rafiki yake kiwanda kidogo cha mfano, akipapase. Aliupima msingi kwa hatua. Kila hatua aliifanya upana wa kidole gumba kimoja. Alijenga kuta kwa mabua, akiyabana kwa miiba ya mgunga. Milembe alikata paa kwa bati la debe la mafuta.

Asubuhi hiyo waliliweka paa juu. Halikuzifikia kuta.

"Kiwanda kimevaa kofia ya mtoto!" Milembe alicheka.

Joakim hakucheka.

Jirani yao Apolonia, fundi cherehani, alipiga hodi, akamwamkia Milembe kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Kuna nini?"

Walimwonyesha. Aliinama akatazama.

"Mlipima kwa kitu gani?"

"Kwa kidole gumba."

"Cha nani?"

Mume na mke wakatazamana. Kila mmoja alikuwa ametumia chake. Cha Joakim kilikuwa kinene, cha Milembe chembamba.

Apolonia alikata kijiti. "Kipimo chenu ni hiki. Hatua moja, kijiti kimoja. Ukuta, paa, mlango, mashine, vyote. Tena msianze na bati. Kateni karatasi kwanza, mjaribu. Mkikosea, mmeharibu karatasi tu."

Akaenda kwake, akarudi na karatasi zake za kukatia magauni. Hakutaka kitu.

Walibomoa, wakaanza upya. Paa la karatasi la kwanza lilipwaya. Walilipunguza, likakaa sawa. Ndipo wakakata bati. Mashine wakaifinyanga kwa udongo, wakiipima kwa kijiti kilekile.

Joakim alipokipeleka Migato, Nyanda alipapasa kuta polepole. Vidole vyake viliingia mlangoni, vikaifikia mashine. Vikatulia.

"Nilikuwa nasimama hapa," alisema.

"Nisamehe, ndugu yangu. Ilinipasa kukupeleka kiwanda kilipokuwa bado kimesimama."

Nyanda akapapasa nje ya mlango.

"Mizani ya kupimia pamba iko wapi?"

"Nimeisahau."

"Basi katengeneze. Uje nayo mwenyewe, Joakim. Usingoje mmalize kuvuna."