Pole Iliyorudishwa Mlangoni

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nyumbani wanajua na shuleni wanajua. Mama yangu alipogongwa na gari, hasira hizo zilinipeleka pabaya, na sitawaficha: wakati ule niliona niko sawa kabisa.

Asubuhi ile ilianza kama asubuhi zetu zote pale Hodge Hill, mtaa wa Birmingham, Uingereza. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, mwaka 2006, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu, Haroun, alikuwa ameshatoka kwenda kazini ghalani. Mama, Bi Asmahan, alikunywa chai amesimama huku akimfunga mdogo wangu Rashad vifungo vya koti. Rashad alilalamika kwa Kiingereza, Mama akamjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yao.

"Thuwaiba, mfikishe ndugu yako mpaka mlango wa shule. Si mpaka kwenye kona," aliniambia. Kisha akaondoka kwenda Stechford, mtaa wa jirani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikokuwa akifanya kazi.

Hakufika. Karibu na kituo cha treni alisimama ukingoni mwa barabara, akatazama kulia kwanza kama tunavyofundishwa sote huku, akaona hakuna gari, akashuka. Gari likamjia kutoka kushoto, likiwa limeshika upande usio wake. Dereva alikanyaga breki, lakini alikuwa ameshachelewa. Mguu wa Mama ulivunjika mahali pawili, naye akazimia palepale.

Dereva yule aliitwa Cleopas. Alikuwa na wiki tano tu Birmingham, yeye na mkewe, wametoka Bukavu, Kongo. Kwao magari hupita upande wa kulia. Alikuwa ametoka kituo cha mafuta, barabara ilikuwa tupu, na mikono yake ikampeleka upande aliouzoea tangu ujana wake. Polisi ndio waliomweleza Baba hayo yote.

"Wiki tano," Baba alisema. "Mtu hajajua hata mkate unauzwa wapi, keshashika usukani."

Nami nilichukia. Nilimchukia mtu ambaye sijamwona hata sura.

Siku ya pili jioni Baba alikwenda hospitali na Rashad, nikabaki peke yangu. Mlango ukagongwa. Nilipofungua nilimkuta mwanamume mrefu, kofia kaishika mkono mmoja, na mkono wa pili amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

"Jambo, mtoto," alisema. "Hapa njo kwa ule mama mwenye alipata ajali?"

"Ndiyo."

"Miye njo Cleopas. Miye njo nilimugonga. Nilikuya kumuomba pardon, na kusema pole kwa baba yako."

Kilikuwa Kiswahili cha kwao, chenye 'njo' badala ya 'ndiyo' na 'nilikuya' badala ya 'nilikuja', lakini nilielewa kila neno. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Huyu hapa, mzima, anasimama kwa miguu yake miwili.

"Mama amesema hataki kukuona," nikamwambia. "Na Baba pia hataki. Wamesema usije tena hapa."

Mama hakuwa amesema lolote. Saa ile alikuwa hospitali, ndiyo kwanza ametoka kufanyiwa operesheni, hata jina lake alikuwa halikumbuki vizuri.

Yule bwana aliinamisha kichwa. "Mama alisema vile?"

"Ndiyo."

"Ni haki yake. Umuambie tu kama nilikuya." Akaninyooshea ile sufuria. Sikuipokea. Nilifunga mlango kwa kishindo, nikasikia hatua zake zikiondoka taratibu. Nilijisikia vizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku sita, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti. Sisi watu wa Unguja mgonjwa hatumwachi peke yake. Walikuja kutoka kila pembe ya mji, na mabirika ya uji, na mikate ya kumimina, na maneno mengi. Kila aliyeketi aliuliza swali lilelile: "Na yule mwenye gari, keshakuja?"

"Hajaja," Mama alijibu.

"Wala kutuma mtu?"

"Wala kutuma mtu."

Bi Mwanamize, mwenye duka la vyakula vya nyumbani kule Stechford, ndiye aliyewaka kuliko wote. "Watu gani hao wasiojua hata kusema pole," alisema. "Kugonga ni bahati mbaya, inaweza kumpata yeyote. Lakini kumvunja mtu mguu ukakaa kimya kwako, huo ni ujeuri."

Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe. Mwanzoni maneno yale yalinifurahisha. Acha wamseme, nilijiambia. Lakini siku zilivyopita nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Kila kengele ya mlango ilipolia, Mama alijitengeneza mtandio, akakaa sawa kitini na kutazama mlangoni. Akiingia mtu mwingine, uso wake ulikunjamana. Alianza kukataa chakula. Alianza kumgombeza Rashad kwa mambo madogo, yeye ambaye sauti yake hatukuizoea ikipanda.

"Mguu utapona," nilimsikia akimwambia Baba. "Kinachoniumiza ni kwamba mtu ananiona mimi si kitu. Angekuja akasimama hapo mlangoni akasema pole, basi, ningemsamehe siku hiyohiyo."

Ningesema wakati ule. Nilifungua mdomo. Kisha nikamwona Baba amekunja ngumi juu ya goti, nikaufunga. Hasira zangu zilikuwa zimeshageuka woga, na woga ule nikauficha kwa kununa.

Wiki ya tatu Mama alinituma dukani kwa Bi Mwanamize kununua nazi. Mbele yangu alisimama mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge chini ya koti kubwa la kiume. Aliomba unga wa muhogo na dagaa. Bi Mwanamize alimtazama.

"Wewe si mke wa Cleopas?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi hapa kwangu hununui kitu. Mumeo amemlaza mwenzetu kitandani, hamjakanyaga mlangoni kwake hata mara moja. Nenda ukanunue kwingine."

Duka lilikuwa na watu sita. Yule mwanamke alirudisha pakiti ya unga kwenye rafu, akaipanga vizuri na nyingine, akatoka. Hakuwa amekosa lolote. Hakuwemo hata garini. Bi Mwanamize akanigeukia akitabasamu. "Mwambie mama yako nimemtetea," alisema. Nazi nilizibeba, lakini njia nzima nilimwona yule mwanamke akirudisha pakiti ile.

Siku ya pili yake polisi mmoja wa kike alikuja nyumbani. Alisema kesi ya Bwana Cleopas itafika mahakamani, na Mama akitaka anaweza kuandika maelezo yake mwenyewe, jinsi ajali ilivyomwathiri, na hakimu atayasoma. Angeyafuata Ijumaa. Alipoondoka, Mama aliniita mezani.

"Chukua kalamu. Kiingereza chako cha kuandika kizuri kuliko changu. Mimi nitasema, wewe andika."

Nikaandika jinsi alivyovunjika. Nikaandika kwamba haendi kazini, kwamba hapandi ngazi, kwamba usiku mguu humuuma. Kisha akavuta pumzi.

"Sasa andika: Tangu siku ile mpaka leo, mtu huyu hajabisha hodi mlangoni kwangu."

Kalamu ilisimama.

"Andika basi. Mbona umeganda?"

"Siwezi, Mama."

"Huwezi kwa nini? Neno gani limekushinda?"

"Si neno. Ni uongo." Niliiweka kalamu chini. "Alikuja, Mama. Siku ya pili tu. Nilimwambia umesema hutaki kumwona. Nilimwambia asije tena."

Mama aliisukuma karatasi kando. Nilitamani anipige.

"Rudia," alisema.

Nikarudia, kila kitu, pamoja na sufuria na kofia mkononi.

"Wiki tatu," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, nami niliiogopa zaidi kwa sababu hiyo. "Wiki tatu nimekaa namchukia mtu. Kila aliyeingia nimemwambia hana utu. Nimesengenya, nimelaani, nimeswali huku moyo unachemka. Umenitia mdomoni maneno ambayo sikuyasema, na umenibebesha dhambi ambayo si yangu."

"Nilikuwa na hasira, Mama."

"Hata mimi nina hasira. Mguu ni wa nani?"

Baba aliporudi, Mama alimweleza mbele yangu. Baba alikuwa ameshavua viatu. Alinitazama, akainama, akavivaa tena. "Ingieni garini," alisema.

Tulipitia kwanza Stechford. Baba alisimamisha gari nje ya duka, Mama akafungua dirisha na kunionyesha mlango kwa kidole. Niliingia peke yangu. Wateja walikuwemo. Nilimwamkia Bi Mwanamize shikamoo, kisha nikamwambia yote, na kila mtu akasikia.

Bi Mwanamize aliweka chini kisu alichokuwa akikatia samaki. "Kwa hiyo mimi nimemfukuza mke wa mtu kwa ajili ya uongo wako wewe?"

"Ndiyo, Bi Mwanamize."

"Kumbe nilikuwa najidhalilisha mwenyewe hapa mbele za watu." Alikuwa amekasirika kwelikweli. Alichukua unga wa muhogo na dagaa, akavitia kwenye mfuko, akaniwekea mikononi. "Mpelekee. Na umwambie kesho nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi, kwa miguu yangu."

Bwana Cleopas alikaa mtaa wa Nechells, ambako Bi Mwanamize alinielekeza, nyumba ya chini katika jengo la matofali. Alipofungua mlango na kumwona Mama juu ya magongo, alirudi nyuma hatua moja. Mkewe alikimbilia kuleta kiti. Baba alinisukuma mbele kidogo.

Nikasema tena, na mkewe nikamkabidhi mfuko na ujumbe wa Bi Mwanamize. Mara ya tatu haikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Bwana Cleopas alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atasema si kitu, mtoto, yamekwisha. Hakusema hivyo.

"Majuma tatu sikulala muzuri," alisema. "Bibi yangu anatoka dukani analia, miye namwambia tuvumilie, ule mama iko na haki. Kumbe ni weye." Aligeuka akatazama dirishani, akipumua kwa nguvu. "Nimekasirika, mtoto. Siwezi kukudanganya."

"Kasirika, ni haki yako," Mama alisema. "Na mimi nina yangu, nisikilize. Nilitazama kulia. Nilifanya kila linalotakiwa kufanywa. Wewe ndiye uliyekuja upande usio wako, ukanivunja mguu. Nimekukasirikia sana kwa hilo."

Bwana Cleopas akageuka. "Ndiyo, Mama. Nilikosa. Kwa hakimu nitasema vile vile, nilikosa. Na sitashika gari tena mpaka mwalimu wa hapa anifundishe barabara za hapa." Akapiga goti moja sakafuni, mtu mzima yule, mbele ya plasta ya Mama. "Pole, Mama. Pole sana."

Mama machozi yalimtoka. "Nimeipokea," alisema. "Inuka, baba. Inuka ukae."

Tukarudi nyumbani. Njiani Baba aliendesha, na Mama alizungumza bila kugeuka nyuma.

"Yule mtu alishika upande usio wake kwa dakika moja. Alipoona, alikanyaga breki, akashuka, akapiga simu, akangoja polisi, na siku ya pili akaja mlangoni kwetu. Wewe ulijua umekosea, lakini hukusimama. Ukaenda wiki tatu. Umemgonga mkewe, umemgonga Bi Mwanamize, umenigonga na mimi. Hasira sikukatazi, Thuwaiba. Kila mtu anazo. Lakini usimsemee mtu neno ambalo hakulisema, na ukijua umekosea, simama hapohapo, kwa sababu kila siku unayoongeza unamwumiza mtu mwingine."

"Nimesikia, Mama."

"Utaonyesha."

Tulipofika nilichukua karatasi mpya, tukaanza upya. Mguu ulivunjika mahali pawili, niliandika. Haendi kazini. Usiku humuuma. Mama hakupunguza hata moja. Kisha akasema, "Andika: Alikuja kuniomba msamaha siku ya pili. Binti yangu Thuwaiba alimrudisha mlangoni kwa uongo, nami sikujua."

Niliinua macho. "Na jina langu, Mama? Hakimu atalisoma."

"Na jina lako."

Nikaliandika, herufi moja moja. Mama akavuta karatasi, akaisoma yote, akatia saini.