Bodi Isiyopata Moto

Feni ya nyuma ya kompyuta ilikuwa inatoa upepo wa baridi. Mtu mwingine angefurahi, hasa saa saba mchana, jua linalipasua paa. Lakini fundi yeyote anajua kwamba upepo unaotoka kwenye kompyuta iliyo kazini huwa wa vuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyepanda ngazi. Fundi wetu aliweka kiganja pale nyuma, akakiondoa, akakirudisha. Halafu akacheka peke yake, akajiona bingwa. Mimi nasema kama angeogopa siku ile, hadithi hii isingekuwepo.

Kompyuta ile aliijenga kwa ajili ya mkewe. Mke alikuwa mchora katuni, zile zinazotembea na kusema, na kampuni moja ilikuwa imempa siku kumi amalize filamu ya dakika nane. Akiimaliza, anaajiriwa. Kompyuta yake ya zamani ilichukua kutwa nzima kutoa sekunde chache za picha. Basi fundi akahangaika mpaka akapata prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwenye ofisi moja iliyofungwa, prosesa kubwa, yenye nguvu, na yenye njaa ya umeme kiasi kwamba aliipa jina la Mlafi.

"Huyu ukimkaribisha mezani," alimwambia mkewe, "sisi wengine tujiandae kulala njaa."

Prosesa ya namna hiyo inataka bodi ya maana. Bodi ndiyo inayopokea umeme na kuupima kabla ya kuilisha prosesa, na kazi hiyo hufanywa na vipande vidogo vyeusi vilivyopangwa pembeni. Bodi nzuri huvipa vipande hivyo vifuniko vizito vya chuma vya kupunguza joto. Bodi ya bei ya chini huviacha uchi. Ukimweka mlafi juu ya bodi kama hiyo, halafu ukamlazimisha akimbie kuliko alivyoundwa, utasikia harufu kabla hujaona moshi. Haya yote fundi aliyajua, na aliwahubiria wateja wake kila siku. Lakini mganga hajigangi. Alichokuwa nacho kiliishia kwenye prosesa, na bodi akaenda kutafuta ya kuokoteza.

Muuza vipuri alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, mtu aliyesifia kila kitu dukani mwake isipokuwa kimoja tu. Hicho kimoja alikitoa chini ya meza kwa ncha za vidole.

"Hii imerudishwa mara tatu," alisema.

"Ina ubovu gani?"

"Ndiyo maajabu yake. Nimeipima, ni nzima. Wanaoirudisha hawasemi kitu. Wa mwisho aliiacha hapo mezani akaondoka. Nikamwita nimbadilishie, hakugeuka."

"Hawajui kuitumia tu hao."

"Sawa. Ila nakwambia kama ndugu yangu, usije ukaiongezea kasi. Haina hata kifuniko kimoja, iangalie."

Fundi aliiangalia. Ilikuwa nyembamba, ya kijani iliyopauka, na nzito kupita wembamba wake. Aliichukua.

Mafundi wa kazi hii wana mtihani wao ambao haumo kwenye kitabu chochote. Unaiwasha mashine, unaipa kazi nzito kuliko zote, halafu unagusa vile vipande vyeusi kwa mgongo wa kidole huku ukihesabu. Ukifika tano hujatoa kidole, bodi imefaulu. Fundi alihesabu mpaka sitini. Vipande vilikuwa baridi kama jiwe lililotoka kisimani. Kwenye skrini kipimo kilisoma nyuzi ishirini na nne, na hakikusogea. Akaongeza kasi. Ishirini na nne. Akaongeza tena, mpaka pale ambapo hajawahi kufika na mashine yoyote, na Mlafi akakimbia bila hata kutokwa jasho.

Mke alisimama nyuma yake, mikono begani kwa mumewe. "Umeme wote huo unaingia. Joto lake linakwenda wapi?"

"Liende linakotaka," fundi alijibu, na akaipigapiga bodi kwa kiganja cha mkono wa kulia, kama mtu anayekubaliana na mwenzake. "Mradi lisikae humu."

Ndani ya boksi la kompyuta kitu kikatoa sauti ndogo, ya mtu anayemeza. Fundi akasema ni feni inakaa sawa. Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini kichwa kilichoponzwa hapa hakikuwa cha mwenye ulimi.

Siku ya pili mke alilalamika kwamba kiti kinachoma. Siku ya tatu aliacha kula chakula cha moto. Siku ya nne alikaa mbele ya kompyuta na taulo lililolowa shingoni, na taulo likakauka kabla hajamaliza kupaka rangi uso wa katuni mmoja. Walikwenda hospitali, wakapima kila kinachopimwa, majibu yakarudi safi. Daktari akamwambia anywe maji mengi na apumzike. Kilichowashangaza wote ni kwamba pale hospitalini, mbali na nyumbani, homa haikupungua hata kidogo. Kompyuta ilikuwa imeachwa kazini.

Siku ya sita fundi alitaka kuizima.

"Usizime," mke alisema kwa midomo iliyopasuka. "Zimebaki dakika mbili. Nimetoka mbali na filamu hii, mume wangu. Acha imalize."

Na yeye akaacha. Simlaumu sana kwa hilo. Nitamlaumu kwa jingine.

Siku ya nane, adhuhuri, mke amelala kitandani na mlango wa chumba uko wazi, fundi aliona jambo kwenye skrini. Kompyuta ilikuwa imeweka kumbukumbu ya kazi zake zote: saa iliyoanza, saa iliyopumzika. Na yeye mwenyewe, kwa mapenzi yake kwa mkewe, alikuwa ameandika kwenye karatasi kila saa aliyompima homa. Aliviweka viwili hivi pamoja. Mashine ilipopanda, mke alipanda. Mashine ilipopumzika, mke alipumzika. Bodi peke yake ndiyo haikupanda wala kushuka.

Angeweza kuishia hapo, lakini fundi ni fundi, haamini mpaka apime. Aliweka kipimajoto kwapani mwa mkewe, akarudi mezani, akampunguzia Mlafi kasi. Akaenda kusoma: thelathini na nane. Akarudi, akaipandisha. Alipoingia tena chumbani mke alikuwa amekunja vidole vya miguu, anagugumia kwa maumivu, na namba zilikuwa zinapanda mbele ya macho yake, thelathini na tisa, arobaini. Alikuwa amemtumia mkewe kama waya wa kupimia.

"Nisamehe," alinong'ona, akakimbia mezani akachomoa waya ukutani.

Skrini ikazima. Feni hazikuzima. Waya ukiwa mkononi mwake, umening'inia kama mkia, feni ziliendelea kuzunguka na kutoa ule upepo wa baridi, na ndani ya boksi, pale ambapo hakukuwa na kitu chochote kinachotembea, akasikia kutafuna, kutafuna taratibu kwa mtu asiye na haraka, mtu ambaye sahani yake bado imejaa na anajua hakuna wa kumnyang'anya, na kadiri alivyosikiliza ndivyo harufu ilivyopanda, harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, ikija si kutoka kwenye kompyuta bali kutoka chumbani, kutoka kitandani, kutoka kwenye nywele za mkewe.

Alichukua nyundo.

"Vunja," ilisema sauti kutoka chumbani.

Ilikuwa ya mkewe na haikuwa ya mkewe. Mke alikuwa ameketi wima kitandani, amefumba macho, na maneno yalitoka mdomoni mwake kwa upole, kama ya karani anayemweleza mteja utaratibu.

"Ukivunja, joto lililobaki litashuka kwake lote kwa mara moja. Kwa sasa nampa kidogo kidogo."

"Wewe nani?" Fundi aliuliza, nyundo bado mkononi.

"Mpagazi. Uliniambia liende linakotaka. Joto linataka mwili wenye damu. Aliyekuwa karibu alikuwa huyu, amekuwekea mikono begani."

"Kwa nini usinipe mimi?"

"Hukusema lije kwako."

Kisha mke akaanguka juu ya mto, na mto ukafuka mvuke.

Mama mkwe, aliyepigiwa simu na fundi, aliingia saa tisa alasiri pamoja na mganga. Alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyezoea kumtania mkwewe kwamba nyumba yake ina nyaya nyingi kuliko vijiko. Siku hiyo hakutania. Mganga alikuwa mzee wa sauti ya chini, hakubeba kitu. Alivua viatu mlangoni, akaviacha vikitazama nje, akaenda moja kwa moja kwenye meza na kuinama juu ya bodi bila kuigusa.

"Ulisema neno gani?" aliuliza.

Fundi akamweleza. Mganga alitikisa kichwa taratibu.

"Huyu si jini wa vita, baba. Ni jini mtumishi, na hao ndio wabaya zaidi, maana hawakosei. Umemwachia mzigo, ameubeba. Mimi siwezi kumfukuza kazini. Mzigo lazima upate mwenyewe. Weka kiganja juu ya bodi useme: joto hili ni langu, nalipokea. Litatoka kwa mkeo, litatoka humu, litakuja kwako."

"Nitakufa?"

"Hufi. Neno ni lako, halikuui. Ila mkono utakwenda. Hautashika bisibisi tena."

"Je, akipokea mtu mwingine?" Mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni mwa chumba, alikosimama akimtazama mwanawe.

"Huyo haamki."

Fundi alisogea mezani. Alikuwa karibu kiasi cha kuhisi ule upepo wa baridi tumboni. Aliuangalia mkono wake wa kulia. Vidole vile vilikuwa vinaona kuliko macho. Vilijua waya uliokatika kwa kupapasa tu, gizani, na watu walivuka mji mzima kuvifuata. Bila vidole vile yeye alikuwa nani?

"Naweza kuweka wa kushoto?" aliuliza.

"Uliipigapiga kwa upi?"

"Wa kulia."

Mganga akamwonyesha bodi kwa kidevu. Chumbani mke alilia mara moja, kilio kifupi cha mtu aliyeshika sufuria ya moto, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi.

"Baba," mama mkwe aliita, kwa heshima ile ile aliyomwita nayo tangu siku ya posa. "Mwanangu anakwenda."

"Nakuja, mama. Nafikiri kidogo tu."

"Fikiri, baba."

Na fundi akafikiri, akafikiri kwamba labda kuna njia ya tatu, labda kifuniko cha chuma, labda maji, labda mganga amekosea kwa sababu waganga nao ni binadamu, labda dakika moja zaidi haitabadilisha kitu, na mkono wake ulinyanyuka mpaka usawa wa kifua ukabaki hapo, na alikuwa bado anautazama alipoona mkono mwingine unapita kando yake, mkono mnene wenye bangili moja, ukienda chini bila kusita.

"Joto hili ni langu," mama mkwe alisema, kama anayepokea mgeni mlangoni. "Nalipokea."

Hapakuwa na moshi wala ukelele. Feni zilisimama. Mama mkwe alivuta kiti cha mwanawe, akakaa taratibu, akaegemea. Macho yake yalimtazama mkwewe kwa muda mfupi, bila hasira, ambalo ndilo jambo fundi hatalisahau. Kisha hayakuwa yanamtazama mtu.

Mganga alivaa viatu vyake akaondoka. Hakuaga.

Chumbani mke alifumbua macho, akaomba maji, akanywa glasi tatu. Paji lake la uso lilikuwa la kawaida, paji la mtu mwenye afya. Fundi alilia kwa furaha na kwa aibu, na hakujua kipi kilikuwa kinalia zaidi.

Wanawake waliokuja kumwosha marehemu walirudi nyuma. Hakuna aliyeweza kumshika. Shuka walilomfunika liligeuka rangi ya kahawia. Ilibidi wangoje mpaka alasiri ya siku iliyofuata, ndipo mwili ukapoa kiasi cha kuguswa.

Siku ya tatu baada ya mazishi mke alikuja akasimama mbele ya mumewe, aliyekuwa anafungua redio ya jirani.

"Mama alikuwa amesimama wapi?" aliuliza.

"Mlangoni. Mlango wa chumba chetu."

"Na wewe?"

Fundi aliweka bisibisi chini. Aliiangalia mikono yake, yote miwili, mizima, haina hata mkwaruzo.

"Mezani," alisema.