Habari Aliyoimeza Jovina

Kila asubuhi, kabla jogoo wa Bi Hamisa hajamaliza kukohoa, Jovina alikuwa ameshapiga magoti mbele ya redio ya baba yake, ulimi nje kama mbuzi aliyeonja chumvi. Hakuwa mgonjwa, alikuwa kazini. Alifungua kifuniko cha nyuma cha redio, akatoa betri nne nono, akachukua kipande cha waya. Ncha moja ya waya aliigusisha kitakoni mwa betri, ncha ya pili akaiweka ulimini, kisha akalamba kile kichuma cha juu. Ulimi ukiwasha, betri ina nguvu. Ulimi ukinyamaza, betri imechoka, nayo ilianikwa juani juu ya bati mpaka irudiwe na fahamu.

"Fundi wetu wa ulimi," baba yake, Mzee Kasimiri mchonga vinyago, alizoea kumtania. "Wenzako wanalamba asali, wewe unalamba betri."

Jovina hakujali. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, na pale Tabata nyumba zenye umeme ungezihesabu kwa vidole, na vidole vikabaki. Redio ile ndiyo iliyompa cheo. Alikuwa mwanafunzi wa Darasa la Sita, na kila siku alisikiliza taarifa ya habari ya alfajiri, akainakili daftarini, kisha akaisoma mstarini mbele ya shule nzima. Hata walimu walimwita Redio Jovina.

Aliyekimezea mate cheo hicho ni Nassibu, mvulana wa darasa lake. Kwao redio ilikuwa ya umeme, ila yeye mwenyewe alipenda usingizi kuliko habari.

"Siku betri zenu zikizimia, mie nipo," alimwambia Jovina mara kwa mara. "Redio yetu hailambwi."

Jumatano moja, Mzee Kasimiri aliamkia Kibamba kutafuta magogo ya mpingo, na mama yake, Mama Avelina, alikuwa bombani kupanga foleni ya maji. Nyumbani alibaki Jovina na mdogo wake Fransis, mwenye miaka mitatu, ambaye kila alichokiona alikijaribu kwanza kwa mdomo. Habari zilipokaribia kwisha, mtangazaji alisema:

"Kiwanda kinachotengeneza betri za chapa Korongo kinawaomba wananchi wote wenye betri zilizopigwa alama ya K saba kitakoni wazirudishe katika maduka ya ushirika. Maganda yake yana kasoro. Huoza upesi na kuvuja maji yenye sumu. Msizipashe moto, msiziweke karibu na chakula, na watoto wasiziguse. Betri nyingine zitatolewa badala yake bila malipo, shehena itakapofika Jumatatu."

Jovina alizima redio, akapindua betri ya kwanza. K saba. Ya pili, K saba. Zote nne zilimkodolea macho na alama hiyo hiyo.

"Jumatatu!" alijisemea. Leo Jumatano. Akizirudisha leo, redio itakuwa bubu siku nne nzima, na Nassibu atasimama mstarini, kifua mbele, akisoma habari kwa ile sauti yake ya mtu aliyemeza embe na kokwa. Akikaa pale mara moja, nani atamwondoa?

Basi asubuhi ile Jovina alisoma habari za mavuno ya pamba, akasoma habari za daraja jipya, akasoma habari za mvua. Habari ya betri aliimeza nzima nzima, kama mtoto anayemeza kwinini mbele ya wageni. Uso hukaa sawa, tumbo ndilo linalojua.

Mvua iliyotangazwa haikuwa na mzaha. Alhamisi ilinyesha, Ijumaa ikanyesha, na bati halikupata hata mwale wa kuanikia betri. Jumamosi asubuhi sauti ya mtangazaji ilizidi kufifia, ikawa kama ya mbu ndani ya chupa. Jovina alizitoa betri, akaona ile ya mwisho imenatanata kidogo. Akaipangusa kwa gauni lake. Jikoni, Mama Avelina alikuwa amebandika maharage. Mama alipotoka kwenda kuteka maji pipani, Jovina akazipanga betri zote nne pembeni ya mafiga, zipate joto. Kisha akaenda barazani kukuna nazi.

Nazi haikufika nusu alipoona mdogo wake ametoka jikoni. Hakulia. Alikuwa anajilamba.

Na hapa, wewe unayesoma huku unakula, weka chakula pembeni.

Mdomo wa Fransis ulikuwa mweusi kuanzia puani hadi kidevuni. Uji mzito, mweusi kama lami, ulimnata kwenye vidole, na kwenye pembe za midomo ulichanganyika na mate ukafanya povu la kijivu. Povu hilo lilimtiririka shingoni likaingia ndani ya fulana. Alinuka kutu, akanuka kama kona ambayo paka wote wa Tabata wamekubaliana kukojoa. Mkononi alishika betri iliyopasuka ubavu, imevimba kama chura aliyekanyagwa, na katika ule mpasuko ulichuruzika ule ute mweusi. Fransis aliuchovya kidole, kama anayechovya sukari guru.

"Tema! Fransis, tema!"

Mtoto alitema, na ndipo akaanza kulia. Midomo ilikuwa inavimba huku Jovina akiitazama. Jikoni betri ya pili nayo ilikuwa imepasuka, na ute wake umerukia ukingo wa sufuria, umetengeneza mfereji mweusi, unaingia taratibu ndani ya maharage. Jovina aliona yale maharage yakichemka, yakiruka ruka na povu lake jeusi.

Mama Avelina alikuja mbio. Nyuma yake alikuja Bi Hamisa, balozi wao wa nyumba kumi, mama mwenye sauti ya kuita watu mkutanoni bila kipaza sauti.

"Mtapisheni! Mtieni kidole!" Bi Hamisa alipiga kelele. "Leteni maji ya sabuni!"

Jovina alikumbuka neno sumu, lakini hakulitamka. Akaokota ile betri, akaificha mfukoni. Bahati njema, zahanati ilikuwa hatua mia mbili tu, na Mama Avelina alikuwa ameshambeba mtoto begani anakimbia, hata sabuni haijapatikana.

Nesi wa zamu, Sista Demetria, alimtazama Fransis mdomoni.

"Amekula nini huyu?"

"Mkaa, Sista," alijibu Mama Avelina huku akihema. "Alikuwa jikoni. Ni mkaa tu."

"Kama ni mkaa mbona amevimba?" Sista Demetria alikunja uso. "Mama, nieleze sawasawa. Dawa ya mkaa siyo dawa ya kitu kingine."

Fransis alikuwa amechoka kulia. Sasa alikoroma tu, mate meusi yakimdondoka. Mfukoni mwa Jovina betri ilikuwa imeloanisha kitambaa, na paja lilianza kuwasha. Angeweza kunyamaza. Mkaa ulikuwa umeshatajwa, na mama ndiye aliyeutaja.

Akaingiza mkono, akaitoa betri na ute wake wote, akaiweka mezani.

"Si mkaa, Sista. Ni hii. Redio ilitangaza Jumatano kuwa betri hizi zirudishwe, zinavuja sumu, zisipashwe moto. Mie nilisikia. Sikumwambia mtu. Mie ndiye niliyeziweka jikoni." Kisha akalia, makamasi na machozi pamoja.

Sista Demetria hakupoteza muda kumkemea. Alimsukutua mtoto mdomo kwa maji safi, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka maji yakatoka meupe. Akamnywesha maziwa, funda moja moja.

"Mmemtapisha?"

"Nilitaka," Bi Hamisa alikiri, safari hii kwa sauti ndogo.

"Ashukuriwe Mungu hamkuwahi. Kitu kinachounguza kikishuka kimeunguza mara moja. Kikipandishwa kinaunguza mara ya pili." Akamgeukia Jovina. "Na wewe, osha paja hilo kabla halijababuka. Ulichelewa kusema, lakini umesema. Usingesema, ningempa dawa ya tumbo, ningewarudisha nyumbani, na jioni koo lingekuwa limefunga."

Fransis alilazwa pale hadi Jumapili. Midomo ilibabuka, akanywa uji wa baridi kwa siku kadhaa, lakini akapona. Maharage yalizikwa shimoni, sufuria na yote. Mzee Kasimiri, aliposimuliwa, hakupiga wala hakutania. Alikaa na patasi yake mkononi, kinyago mbele yake, asichonge.

"Nyumba kumi zangu zote zina betri," alisema Bi Hamisa siku ile ya Jumapili. "Binti, shika debe. Tunapita wote wawili, na wewe ndiye utakayetangaza."

Wakapita. Waliosikia tangazo walisema walidhani ni betri za watu wengine. Wasiosikia walizileta kutoka mahali ambapo Jovina hakuamini. Nyumba moja zilikuwa ndani ya kopo la chumvi. Nyingine zilikuwa chini ya mto wa kulalia wa bibi mgonjwa, na shuka lina doa jeusi. Mzee mmoja aliitoa yake mdomoni hasa, maana alikuwa anaikamua kwa meno ipate nguvu, akajipangusa mdomo na kuuliza, "Kwani ina ubaya gani?" Meno yake ya mbele yalikuwa meusi kama mbegu za papai. Jovina alitazama alama za meno kwenye ganda, akakumbuka ulimi wake mwenyewe, asubuhi zote zile, akatema mate chini mara tatu.

Jumatatu mstarini, redio ya kwao ilikuwa bubu. Jovina alisimama bila daftari.

"Leo sina habari mpya," alisema. "Nina ya Jumatano niliyowaficha." Akaisema yote kwa kichwa, K saba na kila kitu, akaeleza habari za Fransis, akaeleza na sababu: hakutaka kupoteza nafasi yake. Watoto hawakucheka. Nassibu mwenyewe aliinama akikagua kiatu asichokuwa nacho.

Mwalimu Revelian, mwalimu wa zamu, alijikohoza. Akaenda ofisini, akarudi na betri mbili za Korongo, amezishika kwa karatasi, mkono mbali na pua. Ndani ya karatasi hiyo kulikuwa pia na kitumbua kilichoingia weusi.

"Hizi zilikuwa kwenye mtoto wa meza yangu, pamoja na kitumbua cha chai yangu ya saa nne," alisema. "Ilibaki kidogo tu nikile. Sikilizeni, watoto. Kiwanda kilikosea, kikakubali kosa lake hadharani. Hilo ni tendo la kiungwana. Lakini onyo halimponyi mtu likiishia kwa aliyelisikia. Anayepewa habari ya hatari ni mtumishi wa wenzake; akiificha ili abaki na cheo, cheo hicho kinanuka kama hiki kitumbua. Na kosa, ukilisema mapema, hutibika. Nassibu atasoma habari mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, Jovina, tutazungumza."

Jovina alikubali. Debe lilipelekwa duka la ushirika, na mchana shehena ilifika. Mzee Kasimiri alirudi na betri nne mpya, zisizo na alama ya K saba, akaziweka mezani mbele ya binti yake.

"Haya, fundi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi sauti yake ilikuwa na tabasamu. "Zina nguvu au hazina?"

Ulimi wa Jovina ulitoka wenyewe kwa mazoea. Kutoka kwenye mkeka, Fransis mwenye midomo ya maganda akapiga kelele, "Tema!"

Ulimi ukarudi haraka. Jovina akazitumbukiza betri ndani ya redio, akafunga kifuniko, akaenda kunawa mikono kwa sabuni.

"Baba, washa," alisema akiwa mlangoni. "Itatwambia yenyewe."