Picha ya Vigoga Juu ya Kitanda

Kila alipotoka shule, Kiberiti alifagia chumba, akaosha vyombo, kisha akamsimamia mdogo wake avute dawa yake ya pumu. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa alikuwa mwembamba na kila jambo alilifanya chapuchapu. Mdogo wake, mtoto wa miaka mitano, aliitwa Kifaranga. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha mama, mshonaji, pamoja na cherehani yake. Katika kingine walilala watoto na bibi, aliyepikia ndani kwa jiko la mkaa, karibu na mlango.

Muhula mmoja mwalimu wa sanaa aliwafundisha Kiberiti na wenzake kutengeneza picha za ukutani kwa vigoga, ile mimea midogo, laini kama zulia, inayoota kwenye mawe yenye unyevu.

"Viondoeni udongo wote," aliwaambia, "kisha mvianike kivulini wiki mbili. Vikibaki na maji hata kidogo, vitaota ukungu."

Wenzake walianika. Kiberiti alizichezea zile wiki mbili, hata zikabaki siku tatu kufika maonyesho ya shule. Ndipo alipokwenda nyuma ya tangi la maji, akakwangua mfuko mzima wa vigoga, akavikamua kwa kitambaa na kuvibandika kwenye ubao kwa gundi. Alitengeneza vilima viwili, njia ya changarawe, na miti ya vijiti.

"Vimekauka sawasawa?" mwalimu aliuliza.

"Vimekauka, mwalimu," alijibu bila kupepesa macho.

Picha ilishika nafasi ya kwanza, Kiberiti akapewa cheti. Mama aliitundika juu ya kitanda cha Kifaranga, naye Kifaranga akawa anatembeza vidole juu ya vilima, akiuliza ni nani wanaishi huko. Kila mteja aliyekuja kupimwa nguo aliitwa ndani aione.

"Kazi ya mwanangu hiyo," mama alisema, kifua mbele.

Wiki ya tatu, Kiberiti alipokuwa anatandika kitanda, harufu ya uvundo ilimpiga puani. Aliinua picha. Nyuma ya ubao, na ukutani pia, ukungu mweusi ulikuwa umetanda, una vinyweleo kama ngozi ya panya. Alifuta haraka, akairudisha picha kwenye msumari, akafunga mdomo. Angeanzia wapi kumwambia mama, aliyekuwa akijisifu mpaka jana?

Wakati huo Kifaranga alikuwa ameanza kukohoa. Siku zilivyopita, kifua chake kikawa kinapiga mluzi.

"Ni jiko lako la mkaa, mama," mama alimwambia bibi. "Moshi wako unamwua mwanangu."

"Wewe nimekulea kwa jiko hilihili," bibi alijibu taratibu.

"Basi litoke nje!"

Jiko likatoka, na bibi akatoka nalo. Alipikia uani, mvua ikimnyeshea mgongoni, mpaka naye akaanza kukohoa. Kiberiti alimpelekea maji ya kunywa lakini hakuthubutu kumtazama usoni.

Jumamosi moja asubuhi Kifaranga alishindwa kumaliza uji. Mabega yalipanda na kushuka, midomo ikawa na rangi ya majivu. Alivuta dawa mara nne bila nafuu. Mama alimbeba mgongoni, akatimua mbio hadi hospitali, Kiberiti nyuma yake. Huko mtoto aliwekewa oksijeni.

"Anapolala pana kitu chochote kipya?" daktari aliuliza. "Godoro? Unyevu ukutani?"

"Hakuna," mama alisema. "Ni moshi wa jiko, na tulishalitoa."

"Lini?"

"Wiki mbili sasa."

Daktari alikunja uso. "Basi si jiko. Na kitu hicho kama bado kipo, mtamrudisha hapa tena, na safari hiyo huenda tusimuwahi."

Kiberiti alimtazama mdogo wake, kifua kikihangaika chini ya shuka.

"Ni picha yangu," alisema. "Sikuvianika vigoga. Nilimdanganya mwalimu. Ukungu niliuona, nikaufuta, nikanyamaza."

Mama alimtazama kana kwamba hamjui. Hakumpiga wala hakumkaripia. Alikaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa mtandio.

Siku hiyohiyo picha ilitupwa. Ukuta ulisuguliwa, ukaachwa ukauke madirisha wazi, kisha ukapakwa chokaa. Jumatatu Kiberiti alimweleza mwalimu ukweli, akarudisha cheti.

Kifaranga alirudi nyumbani siku ya tisa. Alikuwa hai, lakini hakuweza kukimbia, na daktari alisema muhula huo asianze shule.

"Nimekukosea, mama," mama alimwambia bibi, akilibeba jiko mwenyewe kulirudisha ndani, karibu na mlango ulio wazi.

Kiberiti alipiga magoti. "Na mimi, bibi. Nilijua, nikakuacha unyeshewe."

Bibi alimshika mkono, akamwinua.

"Mjukuu wangu, kazi uliyoiharakisha ungeweza kuifanya upya," alisema. "Kibaya ni kuficha. Wewe ulinyamaza, lakini ule ukungu haukunyamaza. Uliendelea kumla mwenzako. Siku ulipoinua ubao, ungeita tu 'Mama!' tusingefika hospitali. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama utaaibika."

"Nitasema, bibi."

Chumbani Kifaranga alikohoa. Wote watatu wakasikiliza mpaka alipotulia.