Kauli ya Bi Mitindo

Jumamosi soko la mitumba huwa halina pa kukanyaga. Bi Mitindo, kama walivyomwita watu laki tatu waliomfuata mtandaoni, alikuwa amechuchumaa kwenye rundo la mashati akichambua, simu mkononi. Alipoinuka, akasikia chaa. Gauni lake la manjano lilikuwa limeachia mshono kutoka kiunoni hadi karibu na goti.

"Usigeuke," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake. "Rudi kinyumenyume hatua tatu. Kuna pazia."

Akarudi. Nyuma ya pazia palikuwa na kibanda cha fundi cherehani: kioo kirefu, pasi ya mkaa, na fundi mwenyewe, mrefu, futi ya kupimia shingoni, macho ameyakaza kwenye sindano kama mtu anayesoma barua. Akampitishia kitambaa cha kujifunga, akapokea gauni.

"Ahsante kwa kutonicheka," Bi Mitindo akasema.

"Nitacheka ukishaondoka."

Bi Mitindo akacheka kwanza. Akarudi Jumamosi iliyofuata na sketi isiyo na kasoro yoyote, akidai inambana. Fundi akaipima, akamtazama. "Sketi ni nzima, mtoto mzuri. Sema shida yako nyingine."

Ikawa hivyo miezi minne. Mchana simu ya Fundi ikilia, Bi Mitindo aliweka kazi kando. "Umekula?" "Bado, nakusubiri wewe ushibe." Fundi alikuwa pia katibu wa wafanyabiashara wa soko, lakini wakiwa wawili hakuleta habari za vikao. Video zake Bi Mitindo alizirekodi humo humo sokoni, akionyesha koti kuukuu linavyoweza kumtoa mtu akaonekana wa ofisini.

Kisha halmashauri ikatangaza kwamba itapiga kura kulivunja soko ili yajengwe maegesho ya magari. Wenye vibanda, karibu wote akina mama, hawakutajiwa pa kwenda.

Siku mbili Fundi alishinda vikaoni. Ya tatu akapiga simu. "Mpenzi, sijawahi kukuomba kitu. Waambie watu wako."

"Niwaambie nini? Mimi nafundisha kuvaa. Siasa nimeijulia wapi?"

"Hii si siasa. Ni hapa unapochagulia mashati."

"Ni siasa, fundi. Nikisema, nusu watanitukana, nusu wataniuliza nilikuwa wapi siku zote."

"Na ukinyamaza? Umelivaa soko hili mwaka mzima. Sisi hatuonekani, wewe unaonekana."

Bi Mitindo akahisi kitu kikimchoma. "Kumbe ndiyo maana ya pazia na maneno matamu? Ulikuwa unamtafuta Bi Mitindo?"

"Kama ndivyo unavyonijua," Fundi akasema taratibu, "basi hatujuani." Akakata.

Jambo moja Bi Mitindo hakumwambia. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa karani kwenye halmashauri hiyo hiyo. Neno moja tu, na dada angeitwa kuhojiwa. Alijiambia analinda familia, lakini kila alipowasha kamera ulimi ulikuwa mzito. Wiki nzima akaonyesha mikoba. Fundi hakupiga, naye hakupiga.

Dada ndiye aliyeuvunja ukimya huo. Siku moja wakianua nguo uani akauliza, "Yule fundi wako vipi? Mbona umenuna kama chungu kilichokosa mfuniko?"

Bi Mitindo akamwaga yote. Dada akalikunja shuka bila haraka.

"Nimepiga chapa barua za watu wakubwa miaka kumi na saba," akasema. "Nikiulizwa, nitajibu kwamba mdogo wangu ana mdomo wake. Ukiogopa, ogopa kwa jina lako. Usinifanye mimi kisingizio."

"Na wakikufukuza?"

"Tutakuwa wawili tunaochambua mashati. Lakini usiende kupiga kelele ovyo. Rasimu ya mpango huo imebandikwa ubaoni pale halmashauri, mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma. Isome kwanza."

Akaisoma mara tatu, na pale alipokwama akamwuliza dada maana ya neno. Asubuhi ya pili akavaa suruali nyeusi na shati jeupe la mtumba, akasimama katikati ya soko, akawasha kamera. Hakumtukana mtu. Alisoma kifungu kwa kifungu, kisha akamgeuzia kila mwenye kibanda kamera aseme amekuwa hapo miaka mingapi. Mwisho akasema, "Nimekula kwa soko hili. Nikilinyamazia nitakuwa mwongo. Kikao ni Alhamisi, milango iko wazi kwa wote. Mimi nitakwenda."

Matusi yalimiminika. Kampuni ya sabuni iliyomtumia kwenye matangazo ikamwandikia kwamba haihitaji tena huduma yake. Watu elfu arobaini wakajiondoa. Aliitazama namba ikishuka, lakini video hakuifuta.

Alhamisi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Madiwani walinong'onezana, kisha wakaahirisha kura kwa wiki tatu. Haukuwa ushindi, ila vibanda vilibaki vimesimama.

Fundi alimkuta Bi Mitindo kwenye veranda ya nje, ameketi, amevua viatu.

"Nilikukosea," akasema. "Nilikuomba sauti yako kama mtu anayeazima mkasi. Sikukuuliza una nini cha kupoteza."

"Nami nilikushuku kwamba uliniwinda. Nilikuwa natafuta njia ya kutoroka." Akamweleza habari za dada. Fundi akashika kichwa.

"Sikiliza, kipenzi," Bi Mitindo akaendelea. "Sitasemea kila jambo. Kuna siku nitanyamaza kwa sababu sijui, au kwa sababu nimechoka."

"Siku hiyo nitakuuliza kwa nini. Ukinijibu, nitasikiliza." Fundi akamsogezea viatu. "Nikuoe?"

Bi Mitindo alivaa kiatu kimoja, kisha cha pili. "Utanioa. Nenda ukaongee na dada, anapenda watu wanaowahi. Lakini harusi baada ya kura, si kabla. Sitaki mtu aseme nilikuwa namsemea mume."

"Na wakiahirisha tena?"

"Utasubiri, fundi."

"Haya," Fundi akasema, akampa mkono ainuke. "Twende tukawaeleze kina mama kuhusu hizo wiki tatu. Wewe anza, nitakufuata."